Jukwaa Si Chumba cha Kusubiria Filamu

Mtaje mwigizaji wa kike mbele ya vijana wa Kirumba au Igoma, na swali la kwanza litakuwa lilelile: ametokea kwenye muvi gani? Ukijibu kwamba amefanya kazi jukwaani maisha yake yote na kwenye filamu amepita mara chache, utaona wanavyotazamana. Wanamhurumia. Wameshaamua kwamba hakutoboa, au Dar es Salaam ilimshinda, au alikosa mtu wa kumshika mkono. Imani hii imeota mizizi hata kwa watu wazima wanaolea vikundi vya sanaa: jukwaani unajifunza tu, kazi yenyewe iko kwenye kamera. Naikataa, na naikataa nikiwa Mwanza, mkoa ambao ulipaswa kuwa wa mwisho kuiamini.

Chukua mfano wa Profesa Amandina Lihamba. Alizaliwa mwaka 1944, akawa mwigizaji, mwongozaji, mwandishi wa tamthilia na mwalimu wa sanaa za maonyesho pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Filamu zake unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Inayojulikana zaidi ni Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, iliyotoka mwaka 2001. Kwa hesabu ya vijana wetu hiyo ni rekodi ya mtu aliyekaribia kutoka kimaisha halafu gari likamwacha kituoni.

Tuanze na hiyo Maangamizi, maana wapenda filamu hawataki kusikia mengine kwanza. Lihamba anaigiza kama Samehe, mgonjwa katika hospitali ya akili ambaye yaliyompata utotoni yamemfunga mdomo kwa miaka mingi. Daktari aliyetoka Marekani anahangaika kumfungua. Ni nafasi ngumu kwa mwigizaji yeyote, kwa sababu unanyang'anywa silaha ya kwanza, maneno, unabakiziwa shingo, mabega, mikono na macho. Aliyezoea kuigizia watu walioketi hatua chache mbele yake, ambao wakichoka wananyanyuka na kuondoka, anajua mwili unavyoshika hadhira bila kusema. Filamu hiyo ndiyo ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kushindania Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni, na ilipita miaka zaidi ya 20 kabla nchi haijapeleka nyingine, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, mwaka 2022. Katika miaka hiyo tulitengeneza filamu kwa mamia, na wenye majina makubwa walikuwa wengi. Aliyebeba bendera ile ya kwanza alikuwa mwalimu wa jukwaa.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimeikubali mizani yao, kwamba jukwaa linafaa kwa kuwa linazaa waigizaji wazuri wa filamu. Hilo silo ninalotetea.

Kazi ya Lihamba ninayoiona kubwa kuliko Maangamizi ilifanyika kwetu, na watu wengi wa Mwanza hawana habari nayo. Mwaka 1982 na 1983, yeye na wenzake wa Mlimani, Penina Muhando na Eberhard Chambulikazi, walikwenda Malya, wilayani Kwimba. Siku hizi ukitaja Malya watu wanakumbuka chuo cha michezo, au kituo cha treni ya kutoka Tabora. Wasanii wale hawakufika na mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakazungumza nao juu ya yanayowasumbua, na miongoni mwa yaliyojitokeza yalikuwa vijana kukosa shughuli na wasichana wa shule kupata mimba. Kisha wanakijiji wenyewe wakayaingiza mambo hayo kwenye maigizo na ngoma walizozijua, na kila baada ya onyesho watu wakajadiliana. Penina Muhando, akitumia jina la Mlama, ameieleza kazi hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu sanaa za maonyesho na maendeleo.

Fikiria kinachotakiwa kwa mwigizaji mahali kama pale. Mzee anaweza kukukatiza katikati ya sentensi akakwambia huyo baba unayemwigiza hasemi hivyo, baba wa hapa husema hivi. Unafanyaje? Huwezi kumwambia mwongozaji akate, turudie. Unapokea neno lake, unaliingiza kwenye mchezo, unaendelea, na mchezo unakuwa mali ya mzee yule pia. Ufundi huo haupigwi picha, na kwa kuwa haupigwi picha tunasema haupo.

Sasa weka kando yake filamu iliyoutangaza mkoa huu kuliko nyingine yoyote. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa filamu yake juu ya sangara wa Mwanza, Darwin's Nightmare, ambayo sisi tuliibatiza Mapanki. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, vichwa na mifupa, ndiyo mapanki yenyewe, vinabaki kukaangwa huku. Iliteuliwa kuwania Oscar. Rais Kikwete aliishutumu hadharani mwaka 2006. Siingii leo katika ugomvi wa nani alisema kweli. Nina maoni yangu na hayawafurahishi wa upande wowote. Ninachouliza ni hiki: wale kina mama walioonyeshwa kando ya mapanki yao walipata wapi nafasi ya kumwambia Sauper, hapa umekosea, hapa umepatia, hapa umeacha jambo? Hawakuipata. Picha ilikwisha kusafiri, wakabaki wengine kuwasemea, Paris na Dodoma. Malya, mwigizaji aliyekosea aliambiwa hapo hapo.

Nimesema Mwanza ilipaswa kuwa ya mwisho kuiamini imani hii. Nenda Bujora, pale Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi Juni. Pande mbili za wachezaji, Bagika na Bagalu, wanacheza kwenye uwanja mmoja, saa ileile, kila upande na manju wake, kiongozi wa ngoma, na watazamaji wako huru kuhama. Manju akiona watu wanaanza kuvuja kwenda ng'ambo, haraka atabadilisha wimbo, au kejeli, au atamleta anayecheza na chatu shingoni, na duara litajaa tena huku vumbi likitimka. Mshindi ni yule aliyebaki na watu. Wasukuma wamepima sanaa kwa namna hii tangu enzi za Ngika na Gumha, waganga wanaotajwa kuwa chanzo cha pande hizo mbili, na sijawahi kumsikia mtu Bujora akiuliza kama manju ameshatokea kwenye muvi. Mjukuu wa watu hao ndiye leo anayeketi Buhongwa akihesabu watazamaji wa kipande cha dakika moja kwenye simu, akiamini kwamba sanaa ya bibi yake ilikuwa mazoezi tu.

Wanaodhani njia ni moja, kutoka jukwaani kwenda kwenye filamu, waitazame Hawala ya Fedha. Ousmane Sembène wa Senegal aliandika kisa cha mtu aliyetumiwa hawala na ndugu yake aliye Ulaya, akashindwa kuichukua kwa kukosa vitambulisho, huku ndugu na jamaa wakishaanza kuzigawana fedha zenyewe. Mwaka 1968 Sembène mwenyewe alikigeuza kisa hicho filamu, Mandabi, ikasifiwa dunia nzima. Mwaka 1980 Lihamba akakichukua kisa hicho hicho, akakiandika tamthilia ya Kiswahili. Filamu ilikuwepo tayari, nzuri tena, na bado aliona kuna kazi ambayo jukwaa lingeifanya kwa hadhira yake. Mtu anayesubiri kuitwa kwenye kamera haendi njia hiyo.

Nitajibiwa kwamba filamu inabaki na mchezo wa jukwaani unapotea na taa zake. Kuna ukweli hapo. Ila wanaosema hivyo wajaribu kutafuta leo Bongo muvi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zile za kanda na baadaye za sidii zilizouzwa Mlango Mmoja. Nyingi huzipati, na ukizipata hazichezi. Hawala ya Fedha ilichapwa kitabu.

Nitatajiwa pia Kanumba. Steven Kanumba, nyota wa Bongo muvi, alikuwa mtoto wa Shinyanga, jirani yetu, na umati uliojaa Leaders Club, Dar es Salaam, Aprili 2012 kumuaga ulimfundisha kila kijana wa kanda hii kwamba usanii maana yake ni ile. Simlaumu kijana. Lakini Kanumba mwenyewe alipitia kundi la maigizo la Kaole, kwenye mazoezi ya pamoja, na waliomwiga wakaiga suti na kuacha mazoezi.

Hoja iliyobaki ndiyo ngumu, nayo ni ya pesa. Lihamba aliweza kuigiza filamu mara moja moja, akachagua ipi aicheze, kwa kuwa mwisho wa mwezi chuo kilimlipa mshahara. Binti wa Nyakato mwenye kipaji kama chake hana mshahara huo. Anayemlipa akipanda jukwaani ni mradi, na mradi huja na ujumbe uliokwisha kuandikwa ofisini: sema hiki kuhusu chandarua, sema kile kuhusu ndoa za utotoni, piga ngoma dakika tano, piga picha na wafadhili, saini posho. Hakuna mzee anayeruhusiwa kukatiza. Kazi ya namna hiyo inachosha, na sishangai anapoikimbia kwenda kutafuta kamera. Tunamwona anakimbia jukwaa, wakati jukwaa lenyewe hajawahi kupewa.

Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Tumezoea kuona vikundi hivyo vikiomba bodaboda, cherehani, kuku na mashine za kukamua alizeti. Kikundi cha maigizo cha Nyamagana au Ilemela kinachotoza kiingilio, kinachozunguka minadani Misungwi na Magu na kuigiza mambo ya watu wa hapo, ni biashara kama hizo, na maofisa utamaduni wanajua kuandika barua ya kukiunga mkono. Mwaka wa fedha ujao waanze na kikundi kimoja, na wasikipe ujumbe wa kusema.