Dunga yataka chokaa

Ukifika Dunga, kisiwani Unguja, kwenye barabara ya kutoka mjini kwenda Chwaka, hadithi utakayopewa kwanza ni ile ile: jumba la Mwinyi Mkuu lilijengwa kwa chokaa iliyokandwa kwa damu ya watumwa, na ngoma zake zilikuwa zikilia zenyewe hatari ikikaribia. Mgeni anasisimka, anapiga picha, anaondoka.

Hadithi zibaki. Kijiji hakibebi kumbukumbu ya mateso miaka yote hiyo bila sababu. Lakini yaliyotokea humo ni mazito kuliko vioja vya ngoma, na mwanafunzi wa Unguja anayapata wapi?

Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alilijenga jumba hilo katikati ya karne ya 19, wakati Sultani Seyyid Said ameshauhamishia utawala wake Unguja. Mwinyi Mkuu alikuwa mtawala wa wenyeji ndani ya dola ya mwingine. Alikusanya kodi kwa wenyeji hao, Wahadimu, sehemu ikaenda kwa Sultani, sehemu ikabaki kwake. Sultani alipotaka watu wa kazi, ni yeye aliyewatoa. Sasa alikuwa ngao ya watu wake, au wakala aliyejengewa jumba kwa jasho lao? Darasa la historia lingebishana wiki nzima. Alifariki 1865. Mwanawe Ahmed akamrithi, naye akafa kwa ndui 1873, na cheo kikafa naye. Ngoma na siwa zikaishia makumbusho mjini. Nyumba ikaachiwa mvua.

Na mvua ndiyo tunayotaka kuisema. Ukuta wa mawe ya matumbawe ukishaezuliwa paa, maji huingilia juu. Ni kama bonge la sukari lililosahaulika uani: halivunjwi, linayeyushwa. Chokaa ikishalegea, mbegu ya mti iliyoangushwa na ndege inashika kwenye ufa, na mizizi inamaliza kazi. Dawa yake fundi yeyote wa Mji Mkongwe anaijua: ng'oa mche ungali mdogo, funika kichwa cha ukuta kwa chokaa, rudia kila mwaka. Si saruji, tafadhali. Saruji hufungia unyevu ndani, na jiwe la nyuma yake hugeuka unga huku nje kunapendeza.

Panga, ngazi na chokaa. Hivyo navyo vinasubiri mfadhili? Tumechoka kusikia upembuzi yakinifu na kikao kijacho. Jumba la Beit al-Ajaib lilisimama mbele ya Forodhani, kila mtu akiliona, ndani ya mji ulioorodheshwa na UNESCO tangu 2000. Sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Ukuta wa shamba huko Dunga ukilala usiku, nani mjini atajua?

Wapewe kazi vijana wa Dunga wenyewe, walipwe kutokana na kiingilio cha wageni, na sheha awe na orodha ya nani amefanya nini. Mlangoni kiwekwe kibao cha Kiswahili chenye majina, miaka na habari ya kodi ile. Wazee wa kijiji warekodiwe, hadithi za damu zikiwamo. Na chokaa ipandishwe ukutani kabla ya masika.