Uhaba wa Marubani Marekani: Nani Aliyeuleta?

Katika mwaka 2022 wenye makampuni ya ndege ya Marekani walipiga kelele kwa sauti moja kwamba marubani hawapatikani. Safari zilifutwa kwa mamia, miji midogo ikaambiwa kuwa ndege haitatua tena, na zaidi ya jeti 400 za yale makampuni madogo yanayohudumia njia fupi zikawa zimeegeshwa, si kwa ubovu, bali kwa kukosa watu wa kuzirusha. Janga la Korona lilitajwa, uzee wa marubani ulitajwa, na sheria ya serikali ikatajwa kuliko yote. Jambo ambalo halikutajwa sana ni yale waliyoyatenda wenye makampuni hao wenyewe miaka miwili kabla ya hapo. Twaona yafaa wafanyakazi wa nchi yo yote walifahamu jambo hilo, kwani kilio cha namna hii hakikosi kusikika mahali pengine.

Tuanze na fedha. Mwezi wa Machi 2020, abiria walipotoweka kwa hofu ya maradhi, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuyaokoa makampuni, na katika sheria hiyo zikatengwa dola bilioni 25 kwa makampuni ya ndege za abiria ili yalipe mishahara. Baadaye fedha nyingine ziliongezwa mara mbili, hata jumla ikapita bilioni 50. Ni vema kukumbuka kwamba hawa hawakuwa maskini waliopatwa na msiba ghafula. Kampuni ya American Airlines peke yake, katika miaka michache iliyotangulia, ilikuwa imetumia zaidi ya dola bilioni 12 kununua hisa zake yenyewe ili bei ya hisa ipande na wenye hisa wafurahi. Akiba ya siku ya mvua haikuwekwa. Mvua ilipokuja, mwavuli ukaombwa kwa mlipa kodi.

Fedha hizo zilikuwa na sharti: asifukuzwe mfanyakazi kabla ya tarehe 30 Septemba 2020. Lakini sharti lilikataza kumfukuza mtu, halikukataza kumshawishi aondoke mwenyewe. Basi makampuni yakatangaza malipo ya kustaafu mapema, na wale waliokaribia umri wakayapokea. Katika Delta, yenye marubani wapatao 14,000, waliokubali kuondoka walipita 1,700. Hao hawakuwa wanafunzi. Walikuwa makapteni wa ndege kubwa kuliko zote, watu wa miaka thelathini kazini, na wengi wao ndio waliokuwa wakiwafundisha wengine. Tarehe 1 Oktoba, siku moja tu baada ya sharti kwisha, American na United ziliwasimamisha kazi watu zaidi ya 30,000 wa kila idara, hata fedha mpya ya serikali ilipotolewa mwezi wa Desemba ndipo wakaitwa tena.

Wakati huo huo ndege za zamani nazo zilistaafishwa. Delta ilirusha ndege zake za mwisho za MD-88 na MD-90 tarehe 2 Juni 2020, na mwaka huo huo ikaziacha Boeing 777. American iliziacha 757, 767, Airbus A330 na Embraer 190 kwa mkupuo mmoja. Ng'ambo ya bahari, British Airways iliziaga 747 zake zote. Hatuwalaumu kwa hilo. Ndege kuukuu hunywa mafuta mengi na vipuri vyake ni ghali, na hakuna ubepari wala ujamaa utakaoifanya MD-88 ile kidogo kama ndege mpya.

Lakini hapa ndipo penye siri ambayo abiria aliyekwama kiwanjani hakuielezwa. Dereva wa basi la Leyland akikabidhiwa basi la Scania atalizoea kwa siku mbili. Rubani sivyo. Cheti chake humruhusu kurusha aina fulani ya ndege, na akihamishiwa aina nyingine lazima arudi darasani, asome mitambo upya, akae wiki kadhaa katika chumba cha kuigiza urushaji, kisha aruke chini ya macho ya mwalimu kabla hajaachiwa abiria. Tena makampuni ya Marekani hufuata utaratibu wa ukongwe: aliyeajiriwa kwanza huchagua kwanza. Ndege ya 777 ikifutwa, kapteni wake hushuka kwenye ndege nyingine kwa haki ya ukongwe wake. Anayemkuta hapo husukumwa chini. Naye humsukuma wa tatu. Vivyo hivyo kapteni mmoja akistaafu, nafasi yake huvutwa na mwingine kutoka chini, na ya huyo na mwingine tena, hata mtu mmoja aliyekwenda kulea wajukuu akawa amepeleka watu watano au sita darasani. Sasa wazidishe kwa 1,700, kisha uongeze kila rubani wa kila aina ya ndege iliyofutwa.

Na darasa lenyewe je? Vyumba vya kuigiza urushaji vina hesabu yake, na walimu, kama tulivyosema, wengi wao walikuwa wamekwisha ondoka na bahasha zao. Zaidi ya hayo, kanuni yasema rubani asiyepaa na kutua mara tatu katika muda wa siku 90 hawezi kubeba abiria mpaka arudie mazoezi. Maelfu waliokaa nyumbani mwaka 2020 waliangukia kanuni hiyo. Kwa hiyo abiria waliporudi, mapema kuliko walivyotazamiwa na wakuu wa makampuni, rubani alikuwapo, mshahara wake ulikuwa umelipwa na serikali, ndege ilikuwapo, ila rubani yule hakuwa na ruhusa ya kuigusa ndege ile. Delta ilifuta safari kwa mamia katika sikukuu za mwisho wa mwaka 2020, na Juni 2022 marubani wake waliwaandikia abiria barua ya wazi wakieleza kwamba walikuwa wamechoka kwa saa za ziada.

Makampuni makubwa yalitafuta njia ya mkato: yaliwachota marubani wa makampuni madogo. Hao wadogo ndio wanaorusha jeti za viti 50 mpaka 76 kwa niaba ya wakubwa, kwa rangi za wakubwa, lakini kwa muda mrefu kwa mishahara ya vibarua. Mwezi wa Machi 2022 kampuni ya SkyWest iliiarifu serikali kuwa yataka kuacha kuhudumia miji midogo 29. Septemba mwaka huo American iliacha kuruka Toledo, Dubuque, Ithaca na Islip. Mkulima wa Iowa hakupata kusikia habari za hisa zile za bilioni 12, lakini yeye ndiye aliyezilipia.

Ndipo dawa zikapendekezwa, na dawa zote zilikuwa za kumeza rubani na abiria, si mwenye kampuni. Ya kwanza ilikuwa kulegeza sheria ya saa 1,500. Sheria hiyo ilitokana na damu. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya kampuni ndogo ya Colgan Air, iliyokuwa ikiruka kwa jina la Continental, ilianguka karibu na Buffalo, na watu 50 wakafa. Uchunguzi ulifunua kwamba rubani msaidizi alikuwa akilipwa kiasi cha dola 16,000 kwa mwaka, na kwamba usiku wa kuamkia safari alivuka bara zima kutoka Seattle ili afike kazini. Jamaa za marehemu walishinda katika korido za Bunge hata mwaka 2010 ikaamriwa kwamba kila rubani wa ndege ya abiria, hata msaidizi, awe na saa 1,500 angani, isipokuwa waliotoka jeshini na vyuo vilivyokubaliwa, ambao hupunguziwa.

Wapinzani wa sheria husema, nao wasema kweli, kwamba marubani wote wawili wa Colgan walikuwa wamepita saa hizo. Saa peke yake haimfanyi mtu rubani. Lakini tuangalie wanataka nini badala yake. Mwaka 2022 kampuni ya Republic iliomba wahitimu wa shule yake waruhusiwe kwa saa 750. Mamlaka ya anga ya Marekani ilikataa mwezi wa Septemba. Na miezi mitatu kabla ya jibu hilo, Juni 2022, kampuni ndogo zinazomilikiwa na American zilikuwa zimepandisha mshahara wa rubani mpya hadi dola 90 kwa saa. Ikiwa nyongeza hiyo iliwezekana mwezi wa Juni 2022, hatuelewi kwa nini haikuwezekana miaka kumi nyuma.

Dawa ya pili ilikuwa kuuongeza umri wa kustaafu kutoka 65 hadi 67. Historia ya umri huu ni kichekesho. Mwaka 1959 mkuu wa American Airlines, C. R. Smith, alimwandikia mkuu wa mamlaka ya anga, Quesada, akitaka marubani wasiruke baada ya miaka 60, maana jeti mpya zilikuwa zimewasili na kuwafundisha wazee kulikuwa gharama. Amri ikatoka, ikaanza mwaka 1960, na chama cha marubani kikaipinga kwa miaka mingi. Quesada alipoacha kazi ya serikali alipewa kiti katika bodi ya American. Basi walipokuwa wengi, mzee alikuwa hatari akiwa na miaka 60. Walipopungua, akawa hodari hata miaka 67. Mwaka 2007 Bunge liliusogeza umri hadi 65, na kwa muda wa miaka mitano karibu hakuna aliyelazimika kustaafu kwa sababu ya umri. Wimbi likazuiwa, halikukaushwa. Ndilo lililokuja kupiga kwa nguvu zaidi muongo uliofuata, na hatukatai kwamba sehemu hii ya uhaba ilikuwa ya kweli. Mwezi wa Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria ya anga bila kuikubali 67. Chama cha marubani kiliipinga kwa hoja ya kazi: kwa kanuni za kimataifa, aliyepita 65 haruhusiwi kuruka nchi za nje, hivyo mkongwe angeshuka katika ndege za ndani na kuanzisha ule msukumano wa madarasa upya.

Dawa iliyofanya kazi ilikuwa ile isiyopendekezwa. Mwaka 2023 marubani wa Delta walitia saini mkataba wa nyongeza ya asilimia 34 kwa miaka minne. United na American wakafuata kwa nyongeza kubwa zaidi. Vijana wakajazana mlangoni, ijapokuwa mafunzo yao hugharimu kiasi cha dola 100,000 na wengi huzikopa. Kisha Boeing ikachelewa kutoa ndege mpya, na katika mwaka 2024 United na Southwest zikasimamisha kuajiri marubani. Septemba mwaka huo Spirit iliwapunguza kazi marubani wapatao 200. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu kelele zile.

Huku kwetu tusijione tuko mbali. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma kwa siku nne, na miongoni mwa madai yao ilikuwa michango ya mfuko wa uzeeni iliyosimamishwa wakati wa Korona. Mahakama ikawaamuru warudi. Air Tanzania nayo ilionja mwaka huo huo kuegesha ndege zake za Airbus A220 kwa kasoro za injini, nazo zilikuwa mpya kabisa. Rubani wa Nairobi au Dar es Salaam anajua mishahara ya Ghuba kama anavyojua ya kwake. Kwa hiyo twayataka makampuni yetu yatangaze mambo mawili ambayo hayahitaji tume wala mtaalamu kutoka ng'ambo: ni marubani wangapi watakaofikia miaka 65 katika miaka kumi ijayo, na ni vijana wangapi walioko darasani leo, na kwa gharama ya nani.