Msimbazi: Nani kamfuata mwenzie?

Leo mniwie radhi, habari za mapenzi na mitindo ya nywele tunaziweka kando. Nataka tuongee kuhusu mto. Ndiyo, mto, tena huu wetu wa Msimbazi ambao mkipita juu yake mnaziba pua na kufunga dirisha la daladala.

Shangazi yangu kaishi bondeni Jangwani miaka mingi. Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu wapatao 40 jijini, yeye alipanda juu ya bati na watoto wawili na redio. Mpaka leo anasema mto ndio uliomfuata nyumbani kwake. Mimi, kwa heshima zote, nabisha. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na mchanga wake, ukifika tambarare ya Jangwani unataka kujitandaza kabla ya kutokea baharini pale Salenda. Sisi tumejenga kwenye kitanda chake, halafu tunashangaa mwenye kitanda akirudi kulala! Hata wakubwa waliteleza: karakana ya mabasi yaendayo haraka iliwekwa humo humo, na mabasi yakaogelea.

Dawa? Wengi mtasema zege. Mwaga zege kushoto na kulia, maji yakimbie. Singapore walifanya hivyo kwa mto Kallang pale Bishan, ukawa mfereji mnyoofu wa kilomita 2.7. Kasheshe ya mfereji ni kwamba maji yanashuka yote kwa mpigo, na wa chini ndio wanaokiona cha moto. Basi wakauvunja. Mbunifu wa Kijerumani, Herbert Dreiseitl, na wenzake wakaurudishia mto mikunjo yake, ukawa kilomita 3.2, kingo zikashikwa kwa mawe na mizizi ya mimea. Mwaka 2012 ukafunguliwa ndani ya bustani. Siku za jua watu wanakaa kwenye nyasi na wapenzi wao (mnaona, mapenzi yameingia tu). Mvua ikipiga, bustani yenyewe inakuwa mto, ving'ora vinalia, watu wanapanda juu. Zege la zamani nalo wakalirundika likawa kilima.

Bongo nako mpango upo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa bonde la Msimbazi: daraja la Jangwani liinuliwe, mto uchimbwe, karakana ihame, na bondeni iwe bustani ya jiji. Wakazi walipwe, waondoke. Michoro ni bomba, sikatai.

Ila shangazi alishahamishwa mara moja. Baada ya yale mafuriko alipata kiwanja Mabwepande, akakaa miezi minne, akarudi kupanga chumba bondeni. Anauza vitumbua, na wateja wake wako Kariakoo. Nauli ilikuwa inakula faida yote. Sasa bustani isiyo na hesabu ya kitumbua, mimi naiona nusu.

Jumapili nilimwambia nitaomba awekewe meza pale langoni. Akacheka sana.

"Mwanangu, kwanza waambie hao wa huko juu mvua ikinyesha waache kutapisha vyoo mtoni. Nani atakula kitumbua changu na harufu ile?"