Msala Upitao wa Kaskazini

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nao wauzaji wa safari za baharini wana msala mmoja ung'aao kuliko yote: meli ya anasa ipitayo katika hori za Norwei hadi maji ya Aktiki, ambako jua la kiangazi halizami usiku kucha. Sifa zao si za uongo. Hori hizo, ambazo wenyewe huziita fyodi, ni mikono ya bahari iliyochimbwa na barafu baina ya milima. Ile ya Sogne yaingia bara kilomita 205, na kina chake chafika mita 1,308. Azitamaniye halaumiwi. Wa kulaumiwa ni yule arudiye kutoka huko na somo lililopinduka, akawafundisha wenziwe kwamba meli huishi kwa mandhari.

Maana katika maji yale hupita meli za aina mbili, na msafiri hana budi kuchagua. Ya kwanza ni mji uendao juu ya maji. AIDAnova, iliyotoka mwaka 2018 katika kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, huchukua wageni zaidi ya 5,000. Meli za kimo hicho zikitia nanga mbele ya kijiji chenye watu mia chache kama Geiranger, wageni humiminika, hupiga picha, na kabla ya usiku wamekwisha ondoka. Moshi nao hubaki umening'inia baina ya milima. Ndiyo sababu Bunge la Norwei liliazimia mwaka 2018 kwamba hori zilizomo katika Urithi wa Dunia zipitiwe na vyombo visivyotoa hewa chafu ifikapo 2026, ingawa baadaye meli kubwa ziliongezewa muda hadi 2032.

Meli ya pili haikuzaliwa kwa ajili ya mandhari. Tarehe 2 Julai 1893 Kapteni Richard With aling'oa nanga Trondheim kuelekea Hammerfest, katika meli iitwayo Vesteraalen, akichukua barua, bidhaa na abiria, zama ambazo barua ya majira ya baridi iliweza kukaa njiani miezi. Njia hiyo, ijulikanayo kwa jina la Hurtigruten, ingali yagusa bandari 34 baina ya Bergen na Kirkenes. Serikali huichangia fedha kwa mkataba, maana huihesabu kuwa ni barabara ya umma. Mtalii hukaribishwa ndani yake, lakini usiku wa manane, yeye akiwa usingizini, meli hufunga gati ili mwenyeji ashuke na mzigo ushushwe. Uzuri auonao mtalii dirishani ni ziada ya riziki ya mwingine.

Basi msomaji na akumbuke kuwa kiwanda kilekile cha Papenburg kiliunda mwaka 1913 meli iliyoitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikafikishwa Dar es Salaam na kupandishwa hadi Kigoma, na mwaka 1915 ikateremshwa katika Ziwa Tanganyika. Ilikuwa zana ya dola. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ndilo jina la ziwa alilolisikia Livingstone kwa watu wa kusini yake mwaka 1867.

Ziwa hilo lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, kiasi cha kuimeza Sogne pamoja na kiburi chake. Ufipa ni uwanda wa juu, na magharibi yake nchi yaporomoka hadi majini. Huko ukingoni, katika wilaya ya Nkasi, ndiko iliko Kabwe, ikitazamana na Kongo. Kwa miaka mingi Liemba ilipopita mwambao huo, vituo vingi havikuwa na gati. Ilipiga honi, mitumbwi ikaiendea gizani, na watu wakaparamia ubavu wake na watoto na magunia ya dagaa. Mwaka 2015 iliwatoa wakimbizi wa Burundi katika kijiji cha Kagunga na kuwafikisha Kigoma. Hakuna hata mmoja wao aliyepanda kwa ajili ya mandhari.

Mwishoni mwa miaka ya 2010 uchakavu uliisimamisha meli hiyo. Hapo ndipo wasikikapo wasemao kwamba chombo kikongwe hivyo hakina budi kufanywa kivutio, kipambwe, wageni walipe, nacho kijiokoe chenyewe. Na Norwei hutajwa kuwa ndiyo shahidi. La hasha! Shahidi huyo ameitwa kutoa ushahidi asioushuhudia. Norwei haikuanza na mtalii ikaishia kwa mvuvi. Ilianza na barua na pipa la samaki, ikalipa gharama ya njia hiyo kizazi baada ya kizazi, na watalii wakaja kwa kuwa meli ilikuwapo siku iliyoandikwa. Ule ulikuwa mbachao wao, nao hawakuuacha.

Kabwe nako kumejengwa gati. Lakini gati pasipo meli yenye siku maalumu ni kizingiti kisicho nyumba. Iwe Liemba, iwe chombo kipya, kipimo ni kimoja: je, mama mwenye migebuka iliyokaushwa aweza kujua leo siku atakayosafiri? Akijua, mgeni naye atakuja na kamera yake, na atakaribishwa.

Aendaye kaskazini na aende salama. Lakini apande meli ya barua. Na arudipo, akiulizwa alichokiona, ataje ratiba kabla ya kutaja milima.