Homa imeisha, viungo bado vinauma



Juma hili tuzungumze juu ya jambo linaloleta maneno katika nyumba nyingi. Mama anashikwa na homa kali. Kwenye kituo cha afya wanampima malaria, hawaioni. Baada ya siku tano au sita homa inashuka, anaanza kula, watu wanafurahi. Lakini asubuhi hawezi kufunga ngumi. Kukamua nguo kunamshinda, vifundo vya miguu vimekaza. Juma la kwanza wanamwambia pole. Juma la tatu wanamwita mvivu. Juma la sita kuna anayeuliza nani amemroga.

Wapendwa, mama huyo hadanganyi, na hakuna aliyemroga. Virusi mbalimbali vinaweza kuacha maumivu ya misuli na viungo: mafua makali, korona, dengi, na zaidi ya vyote chikungunya. Jina hilo si la Kizungu. Limetoka katika lugha ya Wamakonde, kusini mwa Tanzania ya leo, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1952. Maana yake ni kukunjika, kwa sababu wagonjwa walitembea wameinama. Mwaka 1959 jirani zetu wa Uganda walipata ugonjwa wa ukoo huo huo, Waacholi wakauita o'nyong-nyong, yaani unaovunja viungo. Hapa kwetu Kongo, chikungunya ilionekana Kinshasa na Kongo-Central mwaka 2019.

Mwili unapopigana na virusi, viungo vinavimba ndani. Homa ikiisha, uvimbe ule hautoki siku hiyo hiyo. Wengi wanapona ndani ya majuma machache, wengine wanangoja miezi, na wachache wanapitisha mwaka. Wazee na wale waliokuwa na ugonjwa wa viungo tangu mbele wanaweza kuchelewa zaidi.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kila homa ipimwe malaria. Usikisie nyumbani.

Pili, dawa ya kutuliza ni parasetamoli, kwa kipimo cha munganga. Mtu mzima asipitishe gramu 4 kwa siku, ni kusema vidonge 8 vya miligramu 500. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zisinywewe siku za homa kabla munganga hajaruhusu, kwani kama ni dengi zinaweza kuleta damu kutoka. Antibiotiki haiui virusi. Usipoteze feza yako. Na kuchanjwa kwa wembe kwenye magoti hakuponyeshi, ila kunaweza kukuletea ugonjwa mwingine.

Tatu, siku za homa pumzika na unywe maji mengi. Homa ikiisha, usilale mchana kutwa, maana kiungo kisichotembezwa kinazidi kukaza. Kunja na kunjua vidole polepole, tembea uani. Asubuhi weka kitambaa chenye maji ya moto kidogo mahali palipokaza.

Nne, kazi igawanywe. Bidoni ya litri 20 ibebwe na mwingine, au achote nusu. Vijana wa kiume nao wana mikono ya kutwanga sombe. Mabwana, kusonga bugali kwa mwezi mmoja hakujaua mtu.

Rudi haraka kwa munganga ukiona haya: homa inarudi, kiungo kimoja tu kimevimba, chekundu na cha moto, miguu inalegea na ulegevu unapanda juu, damu inatoka, mkojo umekuwa mweusi kama chai, au mgonjwa anachanganyikiwa. Mama mwenye mimba iliyokaribia kuzaa na mtoto mchanga wasingojee hata siku moja.

Chikungunya haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu kwa kushikana mikono wala kwa kula sahani moja. Inaletwa na mbu mwenye madoa meupe anayeuma mchana, basi chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Mbu huyo anazaa katika maji tuliyoweka sisi wenyewe: pipa lisilofunikwa, mpira wa gari uliotupwa, kopo nyuma ya nyumba. Mayai yake yanashika kwenye ukuta wa chombo na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakianguliwa mvua inaponyesha. Ndiyo sababu kumwaga maji tu hakutoshi; chombo kisuguliwe ndani.

Kama kawaida yangu ya ualimu, nawapa kazi ya nyumbani. Kila siku ya posho, watoto wazunguke uani, wahesabu vyombo vyenye maji, wavimwage, wavisugue, wavifunike. Na kama nyumbani mwako kuna mama ambaye homa yake imeisha lakini bado anashika ukuta akiamka, msomeeni ukurasa huu mbele ya watu wote wa nyumba, mama mkwe akiwemo.