Sisi Waluhya wa ziwani mmetuweka wapi?

Mwandishi, makala ni tamu, lakini hapo uliposema Mluhya ni kuku na Mjaluo ni samaki umetusahau watu wa Port Victoria. Sisi Wanyala ni Waluhya, na Ziwa Victoria ndilo shamba letu. Kwetu omena huanikwa juu ya nyavu kuukuu ufukweni, jioni hukaangwa kwa nyanya na kitunguu, ikaliwa na ugali wa muhogo na mtama. Kuku ni wa mgeni. Nilipoolewa kwa Wajaluo upande wa Bondo, mama mkwe alinichinjia jogoo eti Mluhya asilale njaa, kumbe macho yangu yalikuwa kwenye sufuria ya mbuta! Na wewe ndugu uliyetoa maoni hapo juu unayedai samaki ndio siri ya akili za Wajaluo, huyo mbuta mwenyewe aliletwa ziwani enzi za mkoloni, miaka ya 1950. Leo minofu yake inaenda Ulaya, na pale Obunga, Kisumu, Mjaluo na Mluhya wanapiga foleni moja kununua mgongo wazi, mifupa inayobaki minofu ikishatolewa. Ubishi tuwaachie timu za kandanda, Gor ya Wajaluo na Ingwe ya Waluhya, na hata hiyo ni debi ya mashemeji.