Pikipiki ya Mtu Mrefu: Barua Kutoka Leeds kwa Ndugu wa Katesh

Kwa ndugu wa Katesh, Babati, Singida na kokote aliko mtu anayeinama kila apitapo mlangoni: barua hii inatoka Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Inajibu swali lililofika kwa ujumbe wa sauti mwezi uliopita.

Swali limetoka kwa mdogo wake mwandishi. Kijana huyo ana mita 1.93. Kwa miaka minne ameendesha bodaboda kati ya stendi ya Katesh na vijiji vya njia ya Basotu, na mkataba wake na bosi umebakiza miezi miwili. Ukiisha, pikipiki ni yake, naye anataka kuiuza anunue nyingine. "Kaka," alisema, "magoti yanawaka moto, na mgongo ndiyo usiseme. Jioni nikishuka natembea kama babu. Ninunue ipi, ya cc ngapi?"

Uchungu uliokuwa katika sauti ile ndio ulioizaa barua hii. Na imeandikwa kwa wote, si kwa kijana mmoja, kwa sababu wilaya yetu ya Hanang haina uhaba wa watu warefu, na kila kijiwe kina angalau mmoja ambaye magoti yake yamepanda hadi karibu na viwiko.

Jibu linaanza kwa kuziweka cc kando. Cc ni ukubwa wa injini. Zinamweleza mnunuzi nguvu atakayopata mlimani na mafuta atakayochoma. Kuhusu mwili wake hazimwelezi chochote. Pikipiki ya cc 150 inaweza kumkunja mtu kama kiti cha shule ya chekechea, na nyingine ya cc 125 ikamkalisha akanyooka. Mtu mrefu akiuliza cc kabla ya kujipima, ananunua viatu kwa kuangalia rangi.

Mwandishi aliujua ukweli huu kwa kuanguka. Uingereza, anayetaka kuanza kuendesha pikipiki hulazimika kupitia mafunzo ya msingi yanayoitwa CBT, ambayo kwa kawaida humalizika kwa siku moja. Umri wa kuanza pikipiki za cc 125 ni miaka 17, na mwanafunzi hubandika herufi L nyekundu mbele na nyuma. Sehemu ya mafunzo hufanyika uwanjani: kuchora namba nane kwa mwendo wa taratibu, kugeuza pikipiki ndani ya nafasi finyu bila kuweka mguu chini, kufunga breki ghafla. Mwandishi, mwenye mita 1.96, alipewa pikipiki ndogo ya barabarani. Kila alipokata kona kali, usukani uligonga goti na kukwama hapo, na mara ya pili pikipiki ikalala chini naye akiwa juu yake.

Mwalimu hakumkaripia. Alimwambia akae tu juu ya pikipiki iliyozimwa, akamzunguka, akatazama magoti, mgongo na viganja. Kisha akaleta pikipiki nyingine ya cc 125, ile ya aina ya porini, yenye kiti cha juu na usukani mpana. Uwanja ulikuwa uleule na dereva yuleyule. Safari hii aligeuza bila unyayo kugusa lami.

Alichokuwa anakitazama mwalimu ni pembetatu. Kila dereva wa pikipiki hushikwa na vitu vitatu: kiti kinachobeba makalio, vikanyagio vinavyobeba miguu, na usukani unaoshikwa na mikono. Umbali wa kiti hadi kikanyagio ndio unaoamua goti litakunjwa kiasi gani. Umbali wa kiti hadi usukani, pamoja na kimo cha usukani, unaamua mgongo utanyooka au utapinda. Goti likikunjwa kupita pembe mraba, yaani kona ya daftari, na likakaa hivyo saa nzima bila kunyooshwa, linaweza kuuma hata kama dereva ana miaka 20.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu kuhusu mkao karatasi za mauzo kwa kawaida hutaja namba moja tu, kimo cha kiti kutoka ardhini. Namba hiyo ina maana, ila haijitoshelezi. Yamaha R1, pikipiki yenye umbo la mashindano, ina kiti cha milimita 855. Suzuki V-Strom 650, ya safari ndefu, ina milimita 835. Kwa kusoma karatasi, mtu mrefu angekimbilia R1. Akiipanda atajuta, kwa kuwa vikanyagio vyake vimewekwa juu na nyuma ili visikwaruze lami kwenye kona za kasi, na usukani uko chini kabisa. Dereva hulala juu ya tangi, magoti yamekunjwa kama ya mtu aliyechuchumaa. V-Strom ina kiti cha chini kidogo, lakini vikanyagio viko chini zaidi na usukani umeinuka, kwa hiyo mtu hukaa wima.

Kosa la pili ni kuchagua kwa nyayo. Wanunuzi wengi hukaa, huweka miguu miwili chini, na wakiona nyayo zimetua zote hutabasamu wakatoa pesa. Kwa mtu mfupi jambo hilo lina uzito, maana asipofika chini ataiangusha pikipiki kwenye foleni. Kwa mtu mrefu ni mtego. Honda Rebel 500 ina kiti cha milimita 690 tu. Mwandishi aliipanda dukani, nyayo zikatua na magoti yakabaki yamepinda. Miguu hukaa chini kwa sekunde chache kwenye taa za barabarani. Juu ya vikanyagio hukaa siku nzima.

Jumapili za kiangazi, waendesha pikipiki wa huku hukutana kwenye daraja la kale liitwalo Devil's Bridge, katika mji wa Kirkby Lonsdale, linalofikiwa kutoka Leeds kwa barabara ya A65. Mwandishi alikwenda huko mara tatu kabla ya kununua, akaomba ruhusa ya kukalia pikipiki za watu. Hakuna aliyemkatalia. Wazee warefu wenye mvi walikuwa wa kwanza kumwita, na wote walianza na swali moja: mguu wako una urefu gani?

Namna ya kulijibu ni rahisi, na kila nyumba ina vifaa. Mtu avue viatu, asimame mgongo ukigusa ukuta, abane kitabu kigumu katikati ya mapaja na kukivuta juu hadi kigote, ukingo wake ukigusa ukuta. Mwenzake aweke alama ya kalamu pale ulipo ukingo wa juu, kisha apime kutoka sakafuni kwa futi ya fundi cherehani. Watu wawili wenye mita 1.93 wanaweza kupishana sentimita kadhaa hapo. Mmoja ana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, na shida yake ni magoti. Mwingine ana kiwiliwili kirefu, na shida yake ni usukani wa chini unaomvunja mgongo. Tiba zao hazifanani.

Mfano mzuri uko kwenye mashindano ya dunia ya MotoGP. Valentino Rossi, bingwa mara 9, ana takriban mita 1.81. Dani Pedrosa, bingwa mara 3 katika madaraja madogo, ana takriban mita 1.60. Kuanzia 2006 hadi 2018 walikimbizana katika daraja moja, kila mmoja juu ya pikipiki ambayo mafundi walikuwa wameirekebisha kiti, vikanyagio na usukani kulingana na mwili wake. Watu hao wa kasi kubwa kuliko wote hawakubali kukaa kama kiwanda kilivyoamua. Bodaboda anayekaa juu ya kiti kwa saa 12 kwa siku ana haki hiyohiyo.

Sasa turudi nyumbani. Vijiwe vya Tanzania vimejaa Boxer, TVS na pikipiki za Kichina, nyingi zikiwa za umbo moja: kiti kirefu cha chini, vikanyagio vilivyo mbele kidogo, usukani wa kadiri. Umbo hilo lina sababu zake. Mama mwenye mtoto mgongoni anapanda bila taabu, gunia la mahindi linakaa, vipuri vinapatikana hadi kijijini, na fundi yeyote anaijua injini kwa kuisikiliza. Kwa upande mwingine kuna pikipiki za kimo ambazo wazee wanazikumbuka kwa mabwana shamba na wahudumu wa chanjo: Honda XL125, Yamaha DT125, Yamaha AG200. Hizo zilitengenezwa kwa njia mbovu, zina magurudumu makubwa na nafasi chini ya injini. Katika mpya za ukoo huo, Yamaha XTZ125 ina kiti cha milimita 840 na Honda XR150L karibu milimita 830. Mtu mrefu akikaa juu yake hupumua.

Kwa mwalimu, mhudumu wa afya au mfugaji anayesafiri peke yake, mwandishi anasema bila kusita: atafute ya aina hiyo. Kwa bodaboda, hesabu ni nyingine. Kiti cha pikipiki za porini ni chembamba, bibi wa miaka 70 hawezi kuupitisha mguu juu yake, na kipuri kikikosekana Katesh siku tatu ni siku tatu bila hela. DT125 nayo ina injini inayochoma oili pamoja na petroli, gharama ambayo bodaboda hana sababu ya kuibeba.

Kwa hiyo ombi la kaka kwa mdogo wake ni hili: pikipiki aliyoilipia kwa jasho la miaka minne asiiuze kwanza. Airekebishe pembetatu.

Aanze na kiti. Fundi wa kushona viti afungue kava, aongeze sponji ngumu ya sentimita nne au tano upande wa dereva tu, na aufanye usawa, usiwe na shimo linalomvuta mbele kuelekea tangi. Sponji laini haifai, itabonyea ndani ya wiki moja. Kila sentimita inayoongezwa hapo inalinyoosha goti, na abiria anabaki palepale alipozoea.

Kiti kikipanda, usukani utaonekana umeshuka. Mara nyingi inatosha kulegeza nati za kuushikia na kuuzungushia juu kidogo, au kufunga usukani wa pikipiki za porini ulio mrefu zaidi, mradi unene wake ulingane. Baada ya hapo kuna jaribio ambalo halirukwi. Pikipiki iwe imesimama na injini inaunguruma taratibu, usukani ugeuzwe hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto. Mlio ukibadilika, waya wa mafuta umevutwa, na pikipiki hiyo itaongeza mwendo yenyewe kwenye kona. Isiingie barabarani mpaka waya upitishwe vizuri au ubadilishwe. Waya wa klachi na wa breki nao uangaliwe vivyo hivyo.

Kisha mguu. Mwenye kiatu namba 47 hupata shida kupenyeza kidole chini ya pedeli ya gia, na wengi humalizia kwa kuendesha na kandambili. Pedeli hiyo imeshikwa na bolti moja juu ya meno madogo. Ikivutwa nje na kurudishwa jino moja juu, kiatu kinaingia.

Jambo moja mwandishi analikataza kwa nguvu zote: kukata vikanyagio na kuvichomelea chini zaidi. Ni kazi ya dakika 20 kwa fundi wa kuchomelea na inaonekana kama njia ya mkato. Lakini kikanyagio kilichoshuka kitagonga jiwe, au kitakwaruza barabara pikipiki inapolala kwenye kona, na hapo gurudumu la nyuma linaweza kuinuka. Chomeleo likikatika mlimani na abiria wawili nyuma, watakaoumia ni watatu.

Na kuna tabia ya kuachwa. Mtu mrefu akikosa nafasi ya magoti husogea nyuma, abiria naye anasukumwa hadi kwenye keria. Uzito wote unahamia gurudumu la nyuma, la mbele linakuwa jepesi, na kwenye mlima wa changarawe usukani hautii tena. Magoti yaliyotanuka pembeni nayo hupishana na vioo vya magari kwa nafasi isiyozidi upana wa kiganja. Goti likirudi kubana tangi, pikipiki nzima inatulia.

Marekebisho yakishamalizika, kijana aende Dareda na kurudi bila abiria, akisimama mara moja tu. Akishuka bila kujishika kiuno, fedha alizotaka kuongezea ili anunue nyingine zinunue helmeti mbili nzuri, yake na ya abiria, na zinazobaki ziende kwa mama. Magoti yakiwa bado yanawaka, basi aseme, na hapo utafutaji wa pikipiki ya kimo utaanza kwa dhati, kaka akichangia nusu.

Mwandishi mwenyewe alinunua V-Strom iliyotumika, akaiongezea kiti sentimita tatu kwa mshonaji wa huku. Namba ya mguu wake ni sentimita 93. Anaisubiri ya mdogo wake kwa simu ya Jumapili, pamoja na picha moja iliyopigwa kutoka ubavuni, kijana akiwa amekaa juu ya pikipiki, miguu juu ya vikanyagio, mikono kwenye usukani, na mtu mwingine akiishikilia isianguke.

Wasalimieni wote, wakubwa kwa wadogo.

Ni mwana wenu, Leeds.